Rhoda Alivyosema kwa Midomo

14 Mtaa wa Hollin,
Colne, Lancashire,
27 Oktoba 1954.

Mpendwa mdogo wangu Clement,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na Noreen na watoto. Mgongo unaendeleaje? Ulisema uliumia ukimnyanyua kondoo, nami nikamwambia shemeji yako Arnold kwamba katika ukoo wetu wa Ormerod sijasikia mtu aliyeumizwa na kondoo isipokuwa kwa kumla kupita kiasi. Jipake dawa, ulale chali. Usijifanye kijana.

Sisi hatujambo. Kifua cha Arnold kimeanza kukoroma kama kila mwaka ukungu ukishuka, lakini kazini kwake relini anakwenda. Mimi bado nina mitambo yangu minne ya kufuma pale kiwandani na magoti yangu mawili, na vyote vinalia. Mvua haijakatika tangu Septemba. Nyama haigawiwi tena kwa kadi, hilo nadhani umelisikia. Sasa bucha wetu amepata maringo. Ukimwomba kipande kisicho na mfupa anakutazama utadhani umemtukania mama yake.

Umeuliza kama ni kweli tumenunua televisheni. Ni kweli. Imekaa pale pembeni lilipokuwa kabati la mama, na kabati liko juu chumbani, usianze kununa. Kioo chenyewe hakizidi sinia la chai. Jioni tunafunga mapazia na kuzima taa, tunakaa gizani kama watu wasiotaka wageni, na wageni wenyewe wamejaa mpaka kwenye ngazi. Bi. Whittam wa nyumba ya pili huvua aproni kabla hajaingia, kwa sababu mtangazaji huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo. Nimemwambia mara ngapi kwamba yule bwana hamwoni. Anasema anajua hamwoni, lakini yeye mwenyewe anajiona. Na bwana akitutakia jioni njema, Bi. Whittam humwitikia, "Na wewe pia, mwanangu."

Ikifika saa ya watoto kulala, kule London wanasitisha kila kitu na kioo kinabaki kitupu, ili watoto wasigome kupanda kitandani. Hapo ndipo sisi tunakula. Kisha inarudi, na tunatazama chochote wanachotuletea. Wiki iliyopita alikuwapo mtu mmoja akieleza namna ya kupogoa waridi. Hapa mtaani hakuna mwenye waridi hata moja, na tulimtazama mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Ni habari ya kaka yetu Wilfred na Rhoda wake. Najua ulishakata tamaa na wale wawili. Hata mimi nilikuwa nimekata.

Unakumbuka hali ilivyokuwa ulipoondoka. Rhoda alikuwa ameacha mitambo akaenda London kuwa mwigizaji, mama yake hata majani hayajaota kaburini, na Wilfred akasema hana binti. Barua zake alizirudisha bila kuzifungua. Nilipojaribu kusema naye, aliniambia mlangoni kwake, kwa upole kabisa, na upole wake ndio unaotisha: "Ivy, mlango huu ni wako pia. Lakini siku utakayoupita ukiwa na jina la yule mdomoni, ndiyo siku ya mwisho kuupita." Basi nikafunga mdomo. Ningefanyaje? Mjane yule hajui hata kuchemsha yai, na masikio yake mitambo imeshayala. Nikikatazwa kuingia kwake, nani atamtazama? Miaka sita sikulitaja jina la mtoto mbele yake.

Mwanzoni mwa mwezi huu Rhoda akaniletea ujumbe mfupi. Ataonekana kwenye televisheni, tamthilia ya Jumapili usiku, mambo ya kiwanda cha pamba huku kwetu. Hana neno hata moja la kusema, atasimama nyuma tu kwenye mtambo. Akaniomba baba yake atazame, nisimwambie kwa nini. Nikaenda kwa Wilfred nikamwambia kijuujuu kwamba Jumapili kuna mchezo wa wafumaji, aje. Akanitazama kama nimemwalika baani. Siku ya Bwana, na yeye ni mzee wa kanisa! Akaniambia nikiona wafumaji Jumapili niwaambie warudi nyumbani wakapumzike.

Jumapili ikafika bila Wilfred. Sebuleni kwangu palikuwa na Bi. Whittam, na mabinti zake wawili walio kiwandani kwetu, na mimi, na Arnold akishika vifungo vya lile sanduku la televisheni. Mchezo ulikuwa wa kijinga. Mtoto wa mwenye kiwanda, kijana mwenye sharubu, anampenda msichana mfumaji, na huyo msichana anaongea lafudhi yetu kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Bi. Whittam alicheka mpaka akaambiwa anyamaze. Kisha wakatuonyesha ukumbi wa mitambo, kelele ileile tunayoijua, na nyuma kabisa, mtambo wa pili, mtoto wetu Rhoda. Amekonda. Nywele zimefungwa kitambaa kama alivyokuwa akizifunga zamani.

Noreen akisoma hapa hataelewa, kwa hiyo mweleze. Kiwandani kelele ni kubwa hata ukipiga yowe sikioni mwa mtu hakusikii. Kwa hiyo hatutoi sauti. Tunasema kwa midomo mitupu, tunaivuta pamoja na mashavu na nyusi mpaka neno linasomeka kutoka upande wa pili wa ukumbi. Sisi tunaita mimo. Mgeni akituona hudhani tunatafuna chingamu. Rhoda alifundishwa mimo na baba yake mwenyewe alipoingia kiwandani, na hakuna msichana aliyekuwa na midomo inayosomeka kama yake.

Wale mabwana wa London waliwaambia wasichana wa nyuma wachezeshe midomo tu, waonekane wanapiga soga. Rhoda akainua uso akatazama moja kwa moja mbele, kwetu, akasema kwa mimo, pole pole, neno kwa neno: "Baba. Ni Rhoda. Naolewa Jumamosi, tarehe ishirini na tatu. Camberwell, kanisa la Mtaa wa Garland. Njoo unitoe kwa mume wangu."

Kisha akainama kwenye mtambo wake. Yule kijana mwenye sharubu akaendelea kumbembeleza yule mwenye kiazi.

Bi. Whittam ndiye aliyesema kwanza, "Anaolewa," na binti yake mmoja akasema, "Camberwell. Huko London." Arnold, ambaye hajawahi kusimama mbele ya mtambo, akageuka gizani akauliza nani anaolewa, mbona hakuna aliyesema kitu. Tukamwambia anyamaze.

Na mimi nilikasirika, Clement, sitaki kukudanganya. Nilikasirika na Wilfred na Jumapili yake. Mtoto ametafuta njia moja ambayo haiwezi kurudishwa bila kufunguliwa, na mwenyewe yuko nyumbani anasoma zaburi.

Lakini mwisho wa mchezo mtangazaji akasema utaonyeshwa tena Alhamisi. Nawe usidhani ni kama sinema, kwamba wanarudisha kitu kilekile. Hawa wanaigiza pale pale, wewe ukiwa unatazama. Wakitaka kurudia, wote wanavaa upya, wanasimama upya, wanaanza mwanzo. Kwa hiyo Rhoda angesimama tena kwenye ule mtambo Alhamisi, na baada ya Alhamisi basi. Mimi siwezi kumwambia Wilfred. Lazima aone mwenyewe.

Jumatatu kiwandani nilidhani siri ni ya sebule yangu. Wapi! Kila mwenye televisheni kutoka hapa mpaka mji wa Burnley ni mfumaji au ni mtoto wa mfumaji. Sijafunga hata aproni, naona mwanamke wa upande wa pili wa ukumbi ananiuliza kwa mimo, anaolewa na nani? Na Wilfred ndiye fundi wetu wa mitambo, anazunguka mle ndani kutwa nzima, na yeye husoma midomo kuliko sisi sote. Hakuna aliyetaka kuwa wa kumwambia, maana fundi akikununia, mtambo wako ukiharibika asubuhi ataushughulikia jioni. Basi kila alipopita, wanawake wakaziba midomo kwa leso. Safu nzima. Jumatano akaniuliza kwa nini kiwanda kizima kinaumwa meno.

Alhamisi Wilfred hula kwangu, ni desturi tangu afiwe na mkewe. Nilipika nyama ya kondoo na viazi vya tanuri, na pai ya tufaha. Kwa kawaida akishamaliza hupangusa mdomo, hutazama lile sanduku kama anayetazama mbwa wa jirani, huvaa kofia na kuondoka kabla halijawashwa. Nikamwambia Arnold, safari hii haondoki. Arnold akauliza nitamzuia vipi jitu kama lile. Nikamwonyesha. Wakati Wilfred ananawa mikono jikoni, nilichukua kofia yake nikaikalia.

Unamjua. Yule hatoki nje kichwa wazi hata nyumba ikiungua. Alitafuta kwenye msumari, akatafuta nyuma ya mlango, akatafuta chini ya gazeti. Bi. Whittam na mabinti zake wakaingia wakasalimia, wakajipanga kwenye viti bila kumtazama usoni. Taa ikazimwa. Akasema kwa sauti yake ile ya viziwi, inayosikika mpaka barabarani, kwamba mtu hawezi kutafuta kofia gizani. Nikamwambia akae, itaonekana yenyewe. Akasema atasimama.

Akasimama kweli, mgongo umekielekea kioo, uso umeelekea ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mchezo ukaanza. Mtoto wa mwenye kiwanda alikuja na sharubu zake, yule msichana akaongea na kiazi chake, na Wilfred akiutazama ukuta. Nilijua tukifika ukumbini na yeye bado ameganda vile, mambo yamekwisha.

Basi mitambo ilipoanza kwenye kioo, Arnold alizungusha kifungo cha sauti mpaka mwisho. Vikombe vikacheza kabatini. Na mtu aliyeishi na kelele ile tangu utotoni huisikia hata kwa nyayo. Wilfred akageuka. Nadhani aligeuka kama fundi tu, kutazama ni mtambo upi unaolia vibaya.

Rhoda alikuwa pale pale, nyuma. Akainua uso.

"Baba," akasema kwa mimo. "Ni Rhoda."

Wilfred alishika mgongo wa kiti cha Bi. Whittam.

"Naolewa Jumamosi, tarehe ishirini na tatu." Na hapo hapo, Clement, yule mpuuzi mwenye sharubu, ambaye Jumapili alisimama kushoto, safari hii akaja akasimama kulia, mbele yake kabisa. Tukabaki kuona bega la koti na nusu ya kitambaa cha kichwa cha mtoto. Huko nyuma anaendelea kusema, na sisi hatuoni neno.

"Ondoka hapo, we bwege!" Wilfred akamwambia.

Bwege hakuondoka. Wilfred akainama kushoto, akainama kulia. Kisha akawapita watu magotini mwao, akaenda mpaka kwenye sanduku, akachungulia pembeni mwake ili amwone binti yake nyuma ya yule mtu. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama.

Kijana alipojiondoa, Rhoda alikuwa amemaliza. Alikuwa anatazama tu mbele, ametulia, kama mtu aliyesema na kungoja. Na Wilfred, pua yake karibu iguse kioo, akamjibu. Alimjibu kwa mimo, uso wote, kama angekuwa mtambo wa pili kutoka kwake: "Wapi? Sema tena, mwanangu. Wapi?" Alisema mara ya pili. Mara ya tatu. Mwangaza wa kioo ulikuwa usoni mwake na sote tulimsoma. Kisha picha ikahamia nyumbani kwa tajiri, watu wanakunywa chai.

Arnold akapunguza sauti. Wilfred akanigeukia, na wakati huu alitumia sauti, lakini ndogo, sijui kama mwenyewe aliisikia.

"Ivy. Rhoda kasema ni wapi?"

Miaka sita, Clement. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali kwa siku kama hiyo, nimeyanoa vizuri, na sikupata hata moja. Nikamuuliza tu kama sasa naruhusiwa kujibu. Akaitikia kwa kichwa. Nikafungua mdomo nimwambie, na Bi. Whittam na mabinti zake wakanitangulia wote kwa pamoja: Camberwell, kanisa la Mtaa wa Garland. Na amekuomba umtoe.

Wilfred akatutazama mmoja mmoja. Akauliza mtaa mzima unajua? Bi. Whittam akamwambia mtaa mzima, na kiwanda kizima, na Burnley. "Kumbe ndiyo yale meno," akasema. Nikainuka nikampa kofia. Ilikuwa imelala kama chapati. Akaivaa hivyo hivyo akaondoka, hakuaga mtu.

Wiki nzima iliyofuata hakusema lolote. Kiwandani alipita akitengeneza mitambo kama kawaida, na wanawake, ambao sasa hawakuwa na sababu ya kuziba midomo, walimwuliza kwa mimo kila kona: unakwenda? Alikuwa anainamisha macho. Mimi sikumwuliza. Niliogopa jibu. Nilijua akikataa sasa, amekataa akiwa amemwona, na kwa hilo mtoto asingelipona.

Ijumaa jioni mimi na Arnold tulikwenda stesheni na sanduku letu la nguo, bado hatujui kama Wilfred atakuja. Alikuwa amekaa kwenye benchi, suti ya mazishi, kola imekaza mpaka uso umekuwa mwekundu. Alisema amekuja mapema kwa sababu treni za siku hizi hazina adabu, na akamtazama Arnold kana kwamba yeye ndiye anayeziendesha.

Kanisa la Mtaa wa Garland ni dogo, limeezekwa upya baada ya vita. Mwanamume mwenyewe anaitwa Desmond Tully, ni seremala anayejenga yale majumba ya uongo ya kuigizia. Ana mikono mizuri na sikio moja limechomoza. Nimempenda. Rhoda alikuwa mlangoni na gauni la kijivu, ameshika mkono wa rafiki yake mmoja, kwa sababu hakujua kama kuna wa kumshika. Alipotuona watatu tunavuka barabara aliuachia ule mkono. Hawakukumbatiana. Wilfred alikunja kiwiko chake tu, naye akauingiza mkono wake pale, wakaingia.

Mle ndani ungesikia hata sindano ikianguka. Mchungaji ni kijana wa London, mwenye miwani na haraka kidogo. Akafika mahali pake akauliza, "Ni nani amtoaye mwanamke huyu aolewe na mwanamume huyu?"

Nilimwona Wilfred anajibu. Nilimwona kwa upande, midomo imevutika, nyusi zimepanda, kila neno limekamilika. Lakini sauti haikutoka hata kidogo. Sijui ilikuwa imemkauka, au alisahau kwamba mle hakuna mitambo. Mchungaji akangoja. Akarekebisha miwani, akauliza tena, polepole, kama unavyosema na mtu mgonjwa. Wilfred akajibu tena, vilevile, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Mchungaji akaanza kutazama huku na huku amtafute mtu mwingine.

Ndipo Rhoda alipomwambia, kwa sauti safi iliyofika mpaka kiti cha nyuma, "Amejibu, mchungaji. Mara zote mbili. Amesema, mimi, baba yake."

Nililia, mdogo wangu. Sijalia hivyo tangu tumzike mama, wala sioni haya.

Basi hizo ndizo habari. Arnold anakusalimu, na Bi. Whittam pia, anauliza kama huko kwenu mtangazaji naye huvaa tai ya kipepeo. Rhoda na Desmond wanawasalimu, watakuja kwetu Krismasi. Wilfred anakusalimu sana, safari hii kwa kinywa chake mwenyewe. Nimemshauri anunue naye televisheni, amwone mtoto akiigiza. Amekataa katakata. Anasema watu wa mle ndani hawajibu ukiwasemesha, yeye ataendelea na treni.

Mbusu Noreen kwa ajili yangu, na watoto mmoja mmoja. Mungu awatunze huko ng'ambo, upande wa chini wa dunia, kama anavyotutunza sisi huku mvuani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo na siku zote,

Ivy Sagar